Maji baridi yanatoka vizuri, ya moto yanachuruzika: je, ninunue pampu?

«Mhandisi, habari za kazi. Ninaishi Dodoma, nyumba ya chini yenye vyumba vitatu na mabafu mawili. Maji yanatoka kwenye tenki la lita 2,000 lililo juu ya mnara wa mita nne, na ya moto yanapitia hita ya umeme ya lita 80 iliyofungwa ukutani bafuni. Mabomba yote ni ya PPR, yale ya plastiki ya kuchomelea. Tulipohamia mwaka 2021 maji ya moto yalikuwa mazuri, lakini kwa mwaka mmoja na nusu sasa yamekuwa yakipungua taratibu, kwenye shawa zote mbili na jikoni pia. Nimepima kwenye koki ya bafuni: ndoo ya lita 20 inajaa kwa dakika mbili kwa maji baridi, ila kwa maji ya moto inachukua dakika nane. Fundi wa kwanza alipandisha joto la hita akisema litaongeza presha, kisha akaziba valvu ndogo iliyokuwa ikidondosha maji chini ya hita. Fundi wa pili anasema ninunue pampu. Mume wangu anaona mnara uongezwe urefu. Nimsikilize nani?»

Ndugu msomaji, kabla hatujafika kwenye presha naomba uinuke sasa hivi uende ukazime hita hiyo kwenye swichi yake kubwa, na uiache imezimwa mpaka valvu ile iliyozibwa izibuliwe au ibadilishwe. Ninaanza na jambo hili ingawa hukuliuliza, kwa sababu katika barua yako yote ndilo pekee linaloweza kumdhuru mtu.

Maji yakipashwa moto huongezeka ujazo. Lita 80 zikitoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi 60 huongezeka kwa takriban lita moja na robo, na lita hiyo lazima ipate pa kwenda. Hita nyingi za aina yako hufungwa kwenye bomba la kuingizia maji kifaa kidogo cha shaba chenye kazi mbili: huyazuia maji ya moto yasirudi nyuma kuelekea kwenye tenki, na hufungua kitobo chake cha pembeni pale msukumo ndani ya hita unapozidi kiwango. Yale matone uliyokuwa ukiyaona hita inapopasha maji yalikuwa dalili kwamba kifaa kinafanya kazi yake. Alichotakiwa kufanya fundi ni kufunga mpira mwembamba kwenye kitobo hicho na kuuelekeza kwenye mfereji wa bafu, basi. Kwa kukiziba, amekifunga chombo cha umeme ambacho maji yake hayawezi tena kurudi nyuma wala kutoka pembeni, na siku kidhibiti joto kitakaposhindwa kuukata umeme, maji yatapanda kupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa, kisha chombo kikipasuka sehemu yake itageuka mvuke kwa mara moja. Lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Sitaki kukutisha zaidi ya hapo. Nataka tu ukazime swichi.

Sasa turudi kwenye swali lako. Umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawafanyi, nalo ni kupima kwa ndoo na saa. Vipimo vyako vinaniambia kwamba koki hiyo inatoa lita 10 kwa dakika za maji baridi na lita mbili na nusu za maji ya moto, yaani robo. Maji yote mawili yanatoka tenki moja, kwa urefu ule ule, hadi koki ile ile. Kama shida ingekuwa urefu wa mnara, maji baridi nayo yangekuwa hafifu kwa kiasi hicho hicho.

Hapa inafaa nitenganishe mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku yote huitwa presha. Msukumo ni nguvu inayoyasukuma maji, na katika nyumba yenye tenki juu ya mnara nguvu hiyo inatokana na kimo tu: kila mita 10 za maji hutoa takriban baa moja (baa ni kipimo cha msukumo), kwa hiyo kila mita moja ni sehemu ya kumi ya baa. Kimo chenyewe hupimwa kutoka usawa wa maji ndani ya tenki hadi pale maji yanapotokea, si hadi ardhini. Shawa yako iko mita mbili hivi kutoka sakafuni, na ndiyo maana mnara wa mita nne huipa shawa baa 0.2 hadi 0.3 tu. Mtiririko ni kitu kingine: ni kiasi cha maji kinachopita kwa dakika, na hicho hutegemea msukumo pamoja na upana wa njia. Ukiifunga koki ya maji ya moto kabisa, msukumo nyuma yake ni sawa na ule wa maji baridi. Ukiifungua, maji yanaanza safari, na kila mahali penye upenyo mdogo yanapoteza sehemu ya nguvu hiyo, kama abiria wa kituo kizima wanaotaka kushuka kwa mlango mmoja wa daladala. Hakuna aliyepungukiwa nguvu. Mlango ndio mwembamba.

Mlango mwembamba haufunguliwi kwa kuongeza wasukumaji, na hesabu yake inafaa uijue kabla hujatoa fedha. Ndani ya mabomba ya nyumbani, kwa makadirio, mtiririko huongezeka kwa kipeuo cha pili cha msukumo, yaani ukitaka maji mara mbili unahitaji msukumo mara nne, na ukitaka maji mara nne unahitaji msukumo mara kumi na sita. Wewe unataka kutoka lita mbili na nusu kwenda lita 10, ambayo ni mara nne. Kwa hiyo pampu ingelazimika kufikisha karibu baa tano mahali ambapo leo pana 0.3, na presha ya namna hiyo ingeishia kwenye viungo, mipira na koki ambavyo havijawahi kuionja. Mwambie shemeji yetu kwamba kwa hesabu hiyo hiyo mnara wake ungefika mita 50, ambao ni urefu wa jengo la ghorofa kumi na tano au zaidi. Kuongeza mita mbili kungesaidia kidogo maji baridi na kidogo sana yale ya moto, na tenki lililojaa lina uzito wa tani mbili, mzigo ambao haupandishwi juu ya nguzo za zamani bila mtu anayejua hesabu za nguzo kuziangalia.

Kuhusu kupandisha joto, fundi wa kwanza alikosea, ingawa naelewa alikotoa wazo hilo. Maji yakiwa ya moto zaidi unachanganya na baridi mengi zaidi, na shawa inaonekana kutoa maji mengi, lakini njia ya maji ya moto haijapanuka hata kidogo. Kibaya zaidi, joto kubwa ndilo linaloizidisha shida ambayo nadhani unayo.

Fungua birika lako la umeme, kama unalo, utazame chini. Kwa nyumba nyingi za Dodoma, ambako maji kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Makutupora, utaona utando mweupe au wa rangi ya maziwa ulioshika kama ukoko wa wali. Maji ya mvua yanapozama ardhini huchukua hewa ya ukaa kwenye udongo, yakawa na uchachu hafifu unaotosha kuyeyusha madini ya kalisi na magnesi kwenye miamba. Yakiwa baridi madini hayo husafiri nayo bila kuonekana, ila yakipashwa moto ile hewa hutoka, na kalisi haina tena kinachoiyeyusha. Inaganda kwenye kitu cha kwanza chenye joto. Kadiri joto linavyopanda, hasa likishapita nyuzi 60, ndivyo ukoko unavyojengeka haraka. Ndiyo sababu bomba la maji baridi linaweza kukaa miaka mingi likiwa safi, huku jirani yake la maji ya moto likizibika.

Nina kipande cha shaba mezani ninapoandika, kilichotolewa kwenye hita ya nyumba moja ya mtaa wa Kisasa. Ni ile ile valvu ndogo ya kuingizia maji. Ukiitazama kwa nje ni nzima na inang'aa. Ukiiinua kwenye mwanga, tundu ambalo kidole changu cha mwisho kilipaswa kuingia limebaki la kupitisha kijiti cha kiberiti, na springi ya ndani imevaa ganda jeupe lililoizuia kujikunja. Mwenye nyumba alikuwa tayari ameshanunua pampu.

Valvu hiyo ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza kwako pia, kwa sababu mbili. Umesema maji ni hafifu shawa zote mbili na jikoni, kwa hiyo kizuizi kiko mahali ambapo maji ya moto ya nyumba nzima hupita pamoja: kwenye valvu ya kuingilia, ndani ya hita, au kwenye kipande cha kwanza cha bomba baada ya hita kabla halijagawanyika. Shawa moja peke yake ingekuwa mbaya, ningekuambia uifungue kichwa ukiloweke kwenye siki usiku mzima, halafu uangalie kichujio cha mdomoni na kiini cha koki ya kuchanganyia, na barua hii ingeishia hapo. Sababu ya pili ni kwamba valvu yenye springi huhitaji msukumo kidogo ili ifunguke hata ikiwa mpya, na kwenye mfumo wa baa 0.3 huo kidogo ni fungu kubwa la nguvu yote uliyo nayo. Ikishika ukoko, haifunguki tena kikamilifu.

Kupungua taratibu nako kunaunga mkono ukoko. Kama maji yangepungua ghafla baada ya mgao, siku tenki lilipokauka, ningefikiria hewa iliyokwama kwenye bomba lililopanda na kushuka juu ya dari, na dalili yake ni koki kukohoa, kutema, kutoa maji vizuri dakika moja kisha kunyamaza. Hukutaja lolote kati ya hayo, kwa hiyo hewa naiacha.

Kuna jaribio moja ninalotaka ulifanye mwenyewe kabla ya kumwita mtu. Nyumba nyingi za mjini zina maji yanayoingia moja kwa moja kutoka bomba la mamlaka ya maji, pamoja na yale ya tenki, na wenye nyumba husahau ni koki ipi inakula wapi. Funga koki iliyo karibu na mita, kisha pima upya maji baridi kwa ndoo ile ile kwenye koki ile ile. Ikiwa bado inajaa kwa dakika mbili, hesabu zangu zimesimama. Ikiwa sasa inachukua dakika tano au sita, maana yake umekuwa ukilinganisha maji ya tenki na maji ya mamlaka yenye msukumo mkubwa kuliko wa mnara wako, na tofauti uliyoiona kwa sehemu kubwa si ugonjwa. Hapo dawa ni kuyapitisha maji ya bafuni yote mawili kwenye tenki moja ili yawe na nguvu sawa, la sivyo baridi litaendelea kuyaelemea ya moto ndani ya koki ya kuchanganyia kila unapooga.

Linalofuata ni la fundi bomba, na ningependa uwe umesimama karibu. Umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kubwa na maji yakiwa yamepoa, afungue mpira wa kuunganishia upande wa maji ya moto pale unapotokea kwenye hita, aweke ndoo, kisha aruhusu maji baridi yaingie. Maji yakitoka kwa nguvu hapo, hita na valvu yake havina kosa, na kizuizi kiko mbele kwenye bomba. Yakitoka hafifu, kizuizi kiko ndani ya hita au nyuma yake. Kwa kufungua nati moja mmeigawa nyumba nusu kwa nusu, na hakuna kigae kilichovunjwa. Fundi anayependekeza kubomoa ukuta kabla ya jaribio hili, mshukuru umruhusu aende.

Ikiwa ni upande wa nyuma, valvu ibadilishwe. Ni kifaa cha bei nafuu, na hata kama kisingezibika ungelazimika kukibadilisha kwa sababu ya kile kizibo. Kisha hita ifunguliwe kwenye kifuniko chake cha chini, ukoko utolewe, na fimbo ya magnesiamu iangaliwe. Fimbo hiyo huwekwa ndani ili iliwe na kutu badala ya chombo chenyewe, na kwenye hita iliyofanya kazi tangu 2021 bila kufunguliwa sitashangaa ikiwa umebaki waya mtupu. Gasketi ya kifuniko iwekwe mpya. Usikubali mtu amimine ndani ya hita maji ya betri au dawa kali ya kusafishia choo. Asidi hizo hula chuma pamoja na ukoko, na mvuke wake katika bafu dogo ni hatari kwa mapafu. Asidi ya limau ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, ikaachwa saa chache na kusuuzwa vizuri, inatosha kwa ukoko ambao mkono haukuufikia.

Ikiwa ni upande wa mbele, angalieni kwanza ile mipira ya kuunganishia yenye waya uliosukwa kwa nje. Tundu lake la ndani mara nyingi halifiki hata milimita 10, na mpira wa ndani ukishapikwa na joto kwa miaka huvimba au hujikunja, ilhali kwa nje waya unabaki umenyooka kana kwamba hakuna kitu. Baada ya hapo nendeni kwenye elbo na tii za kwanza, yaani viungo vya kukunja na kugawa bomba. PPR yenyewe ni laini kwa ndani na haishiki ukoko kirahisi, lakini mahali pa kuchomelea, fundi akilizamisha bomba kwenye mashine kupita muda wake au akalisukuma ndani kupita alama, plastiki iliyoyeyuka hujikusanya kama pete ndani ya kiungo. Pete hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza bila kuwasumbua. Kisha magamba ya ukoko yaliyomeguka kwenye hita yalifika, yakanasa.

Mkilazimika kubadilisha kipande cha bomba, ulizia kipimo. Bomba la PPR la milimita 20, lile nene linalotumika kwa maji ya moto, lina tundu la milimita 13 hivi tu, kwa sababu kipimo kinachotajwa dukani ni cha nje. La milimita 25 lina tundu la milimita 16 na nusu, na kwa msukumo ule ule hupitisha maji zaidi kwa zaidi ya nusu. Kwenye nyumba ya mnara mfupi kama yako, fedha iliyotumika kulipanua bomba kuu la maji ya moto hadi milimita 25 ina faida kuliko ile ya kuongeza mnara.

Je, pampu haina kazi kabisa? Inayo, lakini baadaye. Hata njia ikiwa safi, baa 0.3 ni kidogo kwa shawa nyingi za kisasa na koki za kuchanganyia zinazoletwa kutoka nje, ambazo hutengenezwa kwa ajili ya nyumba zenye baa moja au zaidi. Ikiwa baada ya usafi ndoo inajaa kwa dakika mbili na nusu na bado hamridhiki na shawa, nunueni pampu ndogo inayojiwasha koki inapofunguliwa, ifungwe pale maji yanapotoka kwenye tenki, kabla ya baridi na moto kuachana, ili yote mawili yapande pamoja. Iwe na bomba la pembeni lenye valvu ya kuzuia maji kurudi, ili umeme ukikatika maji yaendelee kushuka yenyewe. Kabla ya kuinunua, someni kibandiko cha hita kuona inahimili baa ngapi. Na isifungwe kamwe kwenye bomba la mamlaka moja kwa moja, kwa kuwa huko huvuta uchafu kupitia nyufa za mabomba ya mtaani na kuwanyima majirani.

Yapo mambo ambayo ndoo na saa hazitoshi. Ukiwahi kuhisi umeme ukikuchonyota unapogusa koki au maji ya shawa, swichi ikikatika kila hita inapowashwa, hita ikinguruma kama sufuria inayochemka, au maji ya moto yakitoka na rangi ya kutu, usiiwashe tena mpaka aje fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aangalie elementi inayopasha maji, kidhibiti joto na waya wa ardhi. Kazi hiyo si ya fundi bomba, hata awe hodari vipi, na kwa sababu hita yako imekuwa ikifanya kazi huku valvu ikiwa imezibwa, ningemwita fundi huyo hata kama hakuna dalili yoyote kati ya hizo.

Itakapowashwa tena, kidhibiti kiwekwe nyuzi 60. Chini sana ya hapo, kwenye uvuguvugu, bakteria wa mapafu wanaoitwa Legionella huweza kuzaliana ndani ya tenki la hita. Juu ya hapo unalipia umeme wa kutengeneza ukoko. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa sekunde chache na mtoto kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo watoto wafunguliwe baridi kwanza, ndipo ya moto yaongezwe. Kila mwezi inua kile kijikono cha valvu mpya uone kama maji yanachirizika. Kikigoma, mwite fundi wiki hiyo hiyo. Siku ya kumaliza kazi pima tena kwa ndoo ile ile na uandike dakika kwa kalamu kwenye ubavu wa hita, pamoja na tarehe, kwa sababu kwa maji ya Dodoma ukoko utarudi, na mwakani utataka kujua umerudi kiasi gani kabla ya mtu mwingine kuja kukuuzia pampu.